Ngazi za Mzee Posta

Inspekta Kobe alipanda ngazi za Mzee Posta kama anavyopanda ngazi zote: polepole, akinung'unika, mkono mmoja ukutani. Jina la Kobe hakuzaliwa nalo. Alibandikwa na vijana wa kituoni kwa sababu ya mwendo wake, na mwendo wake ulitokana na goti la kushoto lililoacha kumtii siku nyingi. Yeye hakuona ubaya wowote. Kobe, alikuwa akiwaambia, huona anachokikanyaga.

Nyumba ilikuwa haijakwisha. Sakafu zilikuwa zege tupu na madirisha yalikuwa matundu. Ukisimama sebuleni ukazitazama ngazi, kushoto kwako kulikuwa na mlango wa jikoni na kulia ukuta wa gereji. Zilikuwa ngazi za umbo la U. Unapanda kipande cha kwanza kuelekea nyuma ya nyumba, unafika kwenye kipumzikio, yaani ile sakafu ndogo ya katikati, unageuka, halafu unapanda kipande cha pili ukirudi ulikotoka hadi ghorofani. Kishikio kilikuwa bado hakijafungwa. Upande mmoja ukuta, upande wa pili hewa.

Kipande cha kwanza kilipita kando ya ukuta wa gereji. Goti lilishangaa kuona kipumzikio kimefika mapema, na mwenye goti akashukuru. Shukrani zikamwishia njiani, maana kipande cha pili kilikuwa kirefu kama hotuba ya mgeni rasmi.

Huko juu ndiko Mzee Posta alikoanzia safari yake ya mwisho. Alikuwa karani wa posta hadi alipostaafu, na nyumba hii ndiyo iliyokuwa ndoto yake na ya mkewe. Katika vumbi la saruji kulikuwa na alama za malapa yake, na kando yake alama za kiatu chenye soli laini. Chini kabisa, penye kidato cha kwanza cha ngazi, chaki ilionyesha alipokutwa: kichalichali, kisogo kimepasuka.

Simu iliita. Alikuwa Mkuu wa Kituo.

"Kobe, uko wapi?"

"Juu ya ngazi, mkuu."

"Shuka. Kesho asubuhi fundi anapandishwa kizimbani. Nataka jalada mezani kabla ya jioni."

"Kuna kiatu hapa cha soli laini. Fundi anavaa buti za mpira."

"Nusu ya mji inavaa soli laini. Hata mimi. Nikamatwe?"

"Bado sijafika huko, mkuu."

Mkuu alikata simu. Kobe alishuka polepole, simu bado mkono wa kushoto, na alipofika chini aliona kiganja chake cha kulia, alichokuwa amekiegemeza ukutani akipanda, ni cheupe kwa vumbi la plasta. Alikipangusa kwenye suruali, lakini hakikutakata.

Fundi mwenyewe aliitwa Timazi, kwa ile kamba yenye uzito ambayo mafundi hutumia kupimia ukuta uliosimama sawa. Mambo yake yalikuwa mabaya. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko, hakukuwa na kibarua hata mmoja, lakini jirani alimwona Timazi akiingia. Yeye ndiye aliyeuona mwili na kupiga simu polisi. Alisema alikuja asubuhi kumwagilia zege maji lisipasuke, akaondoka, akarudi jioni kumwagilia tena, akamkuta mzee ameshapoa. Na jirani huyohuyo aliwahi kuwasikia, yeye na marehemu, wakibishana kwa sauti kubwa kuhusu ngazi. Timazi alipoulizwa walibishana nini, aliangalia sakafu. "Mambo ya kazi tu, afande. Ngazi nimejenga kama mchoro ulivyo. Mchoro anao Msanifu aliyeichora nyumba."

Tangu hapo alikuwa kimya kama maji mtungini. Mkewe alikuwa kwenye benchi la kituo tangu alfajiri, bakuli la chakula mapajani, akimwuliza kila askari anayepita kama amri ya kula imetoka.

Kobe akaenda kumwona Msanifu.

*

Ofisi ilikuwa ghorofani, na Kobe alimlaani kimoyomoyo kila msanifu anayekaa ghorofani. Ilikuwa na meza mbili, kompyuta mbili, na nyumba za kadibodi juu ya kabati. Msanifu hakuwepo. Alikuwepo mchoraji wake, mwanamke wa makamo mwenye miwani, ambaye alipoona kitambulisho cha polisi alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Afande, nilijua mtakuja," alisema. "Mimi ndiye niliyemuua yule mzee."

Kobe alivuta kiti. Katika kazi yake, watu wanaokiri kabla ya kuulizwa huwa wamefanya jambo jingine kabisa. "Kaa, dada. Ulimuua kwa nini?"

"Kwa kidato." Aligeuza kioo cha kompyuta. "Tazama. Nikichora ngazi, programu inataka kujua zinaanzia sakafu ipi na kufika sakafu ipi. Yenyewe inagawa ule urefu, kila kidato kinakuwa sawa na mwenzake. Mimi nikazichora vizuri. Baadaye Mzee Posta akasema ghorofani anataka vigae vinene. Nikaipandisha sakafu ya juu, ngazi zikabaki zilipo. Programu ikanipa onyo la njano. Nilikuwa na kazi tele, nikalifunga." Aligusa kidato cha juu kwenye kioo. "Kwa hiyo kidato cha mwisho ni kirefu kuliko vingine. Mguu wa mtu umezoea, unapanda, unapanda, halafu unakutana na kirefu. Amejikwaa, afande. Amejikwaa kwenye onyo langu."

Alilia kweli, bila kujificha. Kobe alimwacha amalize.

"Anayejikwaa akipanda huanguka vipi?" aliuliza.

"Mbele. Kifudifudi."

"Mzee alianguka kinyumenyume. Halafu mimi nimezipanda ngazi zile asubuhi hii. Kama kungekuwa na kidato kimoja kirefu, goti langu lingenitangazia. Fundi alivisawazisha. Futa machozi, dada, hujaua mtu."

Mchoraji alivua miwani akaifuta kwa upindo wa blauzi. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

"Sasa nionyeshe zinavyopandwa," alisema Kobe.

Mchoraji alibonyeza. Kwenye kioo akatokea mtu asiye na uso, wale ambao programu huwaweka ndani ya majengo, akaanza kupanda. Alianzia upande wa jikoni. Ukuta ulikuwa kushoto kwake. Akafika kwenye kipumzikio katikati ya safari, akageukia kulia, akapanda kipande cha pili. Ukuta bado ulikuwa kushoto kwake.

"Mrudishe chini apande tena."

Mtu wa kompyuta hachoki. Alipanda tena. Kobe alikitazama kiganja chake. Cha kulia ndicho kilichokuwa na plasta. Cha kushoto kilikuwa safi kama cha mtoto aliyetoka kuoga.

"Vipande hivi viwili vinalingana?"

"Sawa kwa sawa. Programu ndivyo inavyovigawa. Ukitaka kimoja kiwe kifupi, lazima ushike ukingo wa kipumzikio uuvute mwenyewe."

"Na huu ndio mchoro aliopewa fundi?"

"Ndio huo. Hakuna mwingine."

Kobe alikikunja kiganja. Kumbe ngazi za kule zilikuwa zimegeuzwa, zikaanzia gereji badala ya jikoni, na kipumzikio kikashushwa. Kumbe Timazi alikuwa amemdanganya. Hilo lilimuuma, kwa sababu alikuwa ameanza kumwamini, na anayedanganya kuhusu ngazi anaweza kudanganya kuhusu maiti.

Alitoka koridoni akampigia mjane wa Mzee Posta.

"Mama, pole tena na msiba. Nina swali moja. Ngazi nani alizigeuza?"

Upande wa pili zilisikika sauti za waombolezaji kwa mbali. "Nani kakwambia?"

"Mkono wangu. Niambie, mama. Kuna mtu yuko ndani."

"Ni friji," alisema mjane. "Nilitaka friji langu likae karibu na jikoni, chini ya ngazi. Zile za kwenye mchoro zilianzia palepale jikoni, nafasi hakuna. Nikamsumbua mume wangu. Akamwambia Timazi azigeuze. Timazi alikataa, wakagombana, mwishowe akakubali. Halafu boriti ya gereji ikawa inapita pale kipumzikio kilipotakiwa kukaa, ikabidi wakishushe. Ndiyo hivyo tu, baba. Friji tu."

"Msanifu aliambiwa?"

"Thubutu! Yule bwana ukigusa mstari wake mmoja anakuja juu kama maziwa. Mume wangu alisema tunyamaze mpaka tuhamie, akishaona watu wanaishi atafanya nini? Nilijua mimi, marehemu na Timazi. Basi."

"Vibarua?"

"Vibarua wanamwaga zege wanapoonyeshwa. Mchoro wanaujulia wapi?"

Kobe alimshukuru. Alibaki ameegemea ukuta wa koridoni, akilikanda goti. Watu watatu walijua. Mmoja amekufa, mmoja anaomboleza, mmoja yuko mahabusu. Kama kuna wa nne, huyo alizijua ngazi kwa njia moja tu: alizipanda.

Alirudi ndani. "Dada, bosi wako ni mtu wa namna gani?"

Mchoraji aliangalia mlango kwanza. "Anajua kazi. Ila hawezi kumwona mtu mwingine ameshika kipanya. Akisimama nyuma yangu, haipiti muda ameshaninyang'anya. Hata wateja anawanyang'anya."

"Vizuri," alisema Kobe. "Naomba nikae kwenye kiti chako. Nifungulie karatasi tupu, na mchoro wa zamani uufiche."

*

Msanifu aliingia na harufu ya manukato, shati limenyooshwa, viatu vya ngozi vinang'aa. Alimpa Kobe mkono kama anayempa nafasi ya kazi.

"Inspekta. Msiba mkubwa. Yule mzee tulikuwa kama ndugu."

"Pole. Mara ya mwisho kufika pale ni lini?"

"Tangu msingi umwagwe sijakanyaga. Nina miradi mingi."

"Kuna aliyekutumia picha? Au kukuletea habari za ujenzi, labda kuna kitu kimebadilishwa?"

"Kibadilishwe nini?" Msanifu alicheka kidogo. "Ngazi zimejengwa nilivyozichora. Fundi wa kugusa mchoro wangu bado hajazaliwa."

"Kwa hiyo hujaziona, na hujaelezwa na mtu."

"Sijaziona, sijaelezwa. Andika hivyo."

"Nimeshaandika," alisema Kobe, ambaye hakuwa na kalamu. "Nisaidie jambo moja. Kesho nitaulizwa mahakamani mzee alisimama wapi na akaangukia wapi, na mimi hizi ngazi za kugeuka zinanichanganya. Dada huyu ameniazima kompyuta nijaribu."

Akashika kipanya kwa mkono mzima, kama mtu anayekamata kuku. Akachora mstari mmoja ukaenda upogo. Akachora wa pili ukaupita wa kwanza. Mshale wa kuonyesha mwelekeo wa kupanda akauelekeza chini. Nyuma yake alisikia Msanifu akivuta pumzi puani.

"Huo mshale umegeuka," alisema Msanifu.

"Ala! Kweli?" Kobe akaufuta, akafuta na ngazi zote kwa pamoja.

"Sio hivyo, inspekta. Bonyeza pale penye ngazi... pale! Hapo ni mlango huo!"

Kobe akaweka mlango katikati ya hewa. Mchoraji aliuma midomo.

"Mzee alikuwa huku juu," alisema Kobe, akizungusha kipanya ovyo. "Fundi akamfuata kutoka huku. Au huku?"

"Nipishe. Nipishe bwana, utaharibu hata mashine." Msanifu alikuwa ameshakishika kipanya kabla Kobe hajanyanyuka. "Siku ile ilikuwa hivi. Angalia."

Alichora haraka, kwa mkono wa mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Kuta. Jikoni hapa, gereji kule. Programu ikamwuliza ngazi zianzie wapi, akabonyeza. Ikamwuliza zigeukie wapi, akabonyeza. Vipande viwili vikajitokeza, sawa kwa sawa, na kipumzikio katikati. Aliutazama mchoro, akakunja uso kama aliyeona tai imepinda, akashika ukingo wa kipumzikio akauvuta. Kipande cha kwanza kikawa kifupi. Cha pili kikawa kirefu.

"Mzee alisimama hapa juu," alisema, "na upande huu ulikuwa wazi. Fundi mzembe, hakuweka hata kamba. Akaanguka mpaka hapa, penye kidato cha kwanza."

Mchoraji alikuwa amesogea hadi kwenye kioo.

"Bosi," alisema, "mbona umeanzia gereji? Mchoro wetu unaanzia jikoni."

Mkono wa Msanifu ulisimama. Kwa muda mfupi alionekana kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Kisha akatabasamu.

"Nimekosea upande. Hutokea kila siku. Mwulize mwenyewe."

"Hutokea," alikubali mchoraji, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Na dawa yake ni hii." Alibonyeza, na ngazi zote zikapinduka kama zinazotazamwa kwenye kioo. Sasa zilianzia jikoni. "Umeona, inspekta? Sasa ziko sawa."

"Ziko sawa?" Kobe aliinama karibu na kioo. "Mimi si mtaalamu. Lakini hicho kipande cha kwanza bado kifupi."

Msanifu alikisogeza kipanya huku na huku.

"Dada, programu inavigawaje?"

"Sawa kwa sawa."

"Na kwenye mchoro wenu?"

"Sawa kwa sawa, afande." Alikuwa ameanza kuelewa, na alirudi nyuma hatua moja kutoka kwa bosi wake.

"Kukosea upande namwelewa mtu," alisema Kobe. "Hata mimi huvaa soksi nje ndani. Ila kipumzikio hakijisogezi. Mashine ilikupa vipande vilivyo sawa, na wewe ukaona si sahihi, ukakivuta kwa mkono wako kikae kama kilivyo kule. Kilishushwa kwa sababu ya boriti ya gereji. Waliojua ni watatu, na hakuna kati yao aliyekuambia. Umesema mwenyewe."

"Huo si ushahidi."

"Unatosha kunipa ruhusa ya kuomba viatu vyako. Vumbi la saruji lina kinyongo, bwana Msanifu. Ukipaka rangi ya viatu juu yake, linabaki kwenye mshono."

Msanifu alivitazama viatu vyake vilivyong'aa. Alikaa. Alipozungumza, hasira ilimtangulia, woga ukaja nyuma.

"Nilikuwa na mteja, nikapita nimwonyeshe kazi yangu kwa nje. Mteja akaondoka. Nikaingia peke yangu kutazama. Nikakuta... Wewe hujui. Ngazi zile ndizo zilizokuwa nyumba! Mzee akatokea. Nikampandisha mpaka juu nimwonyeshe walichoharibu. Nikamwambia kesho naleta watu tunavunja." Alimeza mate. "Akacheka. Akasema, mwanangu, utavunja, halafu friji la mke wangu nilibebe mgongoni? Friji! Nilimsukuma kifuani anyamaze. Basi. Nilitaka anyamaze."

"Alinyamaza," alisema Kobe.

Mchoraji alikuwa amejifunika uso. Kobe alitoa pingu, na kwa vile mkono wa kulia wa Msanifu ulikuwa bado umekishika kipanya, akaanza na huo.

*

Mkuu wa Kituo alilisoma jalada akiwa amesimama, kisha akalisoma tena akiwa amekaa. Hakumpongeza mtu. Alisema tu kwamba fundi aachiwe, na aachiwe kabla waandishi wa habari hawajafika.

Kobe alikwenda mwenyewe mahabusu. Timazi alikuwa kwenye sakafu, mgongo umenyooka ukutani kama jina lake. Askari alimtupia buti zake. Mkewe, aliyesikia habari kabla ya wote kama kawaida ya wake, alikuwa ameshasimama mlangoni na bakuli lake, analia na kucheka kwa pamoja.

"Toka, fundi," alisema Kobe. "Yamekwisha. Uko huru."

Timazi hakuelewa mara moja. Kisha akainuka, akaanza kuvaa buti. "Mungu akubariki, afande. Mungu akubariki sana."

"Nina swali, la kwangu binafsi. Uliniambia ulijenga kama mchoro ulivyo. Ungenieleza ukweli siku ile ile, usingelala hapa. Kwa nini ulinidanganya?"

Timazi aliangalia sakafu, kama alivyofanya mwanzo.

"Nilimwahidi mzee," alisema. "Yule Msanifu hasira zake ziko puani. Mzee alisema, Timazi, funga mdomo wako, akijua atakuja hapa kunifanyia fujo. Nikaona mtu nimemwahidi, na sasa amekufa, sasa nimvunjie ahadi? Na nikaogopa pia. Nikasema nikitamka neno, yule bwana atamwendea hata mjane na msiba wake. Kwa hiyo nikanyamaza, asije."

Kobe alitamani aondoke bila kujibu. Lakini mtu huyu angeyasikia sokoni kabla ya jua kuzama, na kwa maneno mabaya zaidi.

"Alikuja, fundi," alisema. "Siku ile, baada ya wewe kumaliza kumwagilia zege."

Timazi akakaa tena sakafuni, pale pale alipokuwa amelala, buti moja mguuni na nyingine mkononi. Mkewe alimwita kutoka mlangoni, akamwita tena. Kobe akaingia ndani, akainama kwa shida kwa sababu ya goti, akakaa karibu naye.